Pete ya Saa Kumi na Moja

Hakuwa na baba, maana baba alikufa yeye mwenyewe akiwa hajaota meno. Hakuwa na shamba wala kiwanja, wala mjomba serikalini wa kumpigia simu mambo yakiharibika. Hakuwa na cheti cha shule zaidi ya kile cha msingi, na hicho chenyewe kililiwa na mchwa. Hakuwa na mwandiko. Herufi zake zilikwenda upande upande kama mlevi anayetafuta mlango. Hakuwa na koti. Hakuwa na sauti ya kuimba wala miguu ya kucheza. Na siku alipoamua kuposa, hakuwa na pete.

Hiyo ya mwisho aliitengeneza mwenyewe. Alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha masufuria, upande wa mashine za presi, ambako bati la duara la alumini huwekwa juu ya kalibu, presi ikashuka kwa kishindo, na bati likatoka likiwa sufuria. Aliokota nati ya shaba iliyoanguka kutoka kwenye mashine chakavu, akamwomba msimamizi, akapewa. Kila mapumziko, wenzake wakila na kupiga soga, yeye aliipiga ile nati tupa mpaka pembe zake zikaisha. Akaisugua kwa msasa, kisha akaipitisha kwenye gurudumu la kung'arishia masufuria. Ikatoka pete. Kwa mbali ungeapa ni dhahabu. Kwa karibu ungeona ndani yake mistari ya skrubu ambayo tupa haikuifikia. Alitengeneza mbili, ya mke ndogo na ya mume kubwa, na siku ile ile wenzake wakamwita Nati. Wapo wasiolijua jina lake jingine mpaka leo.

Mke aliyemwoa alikuwa mshonaji wa sare za shule, mpwa wa mzee wa stoo pale pale kiwandani. Mzee huyo aliitwa Tisa. Ujanani mwake alifanya kazi presi na pete kidoleni. Pete ikanaswa, na kidole hakikurudi. Tangu hapo alikuwa na vidole tisa, na kiwanda kikawa na sheria: hakuna mtu kugusa mashine na pete. Mlangoni pa karakana pakapigiliwa ubao wa misumari, kila mfanyakazi na msumari wake. Asubuhi unatundika pete, msimamizi anakukagua mikono kama mtoto anayekaguliwa kucha, ndipo unaingia. Jioni king'ora kikilia unaichukua.

"Mimi sina haja ya kuhubiri," Tisa alipenda kuwaambia vijana wapya, akiinua mkono wa kushoto. "Mahubiri haya hapa. Someni."

Lakini yupo mmoja aliyeyasoma mahubiri hayo mapema kuliko wote. Mpwa wake alilelewa nyumbani kwake. Alikuwa mtoto akicheza kizingitini siku mwanamume mmoja wa kiwandani alipokuja, kofia mkononi, akamkabidhi mke wa mjomba wake leso iliyofungwa fundo. Ndani ya leso ilikuwa pete ya Tisa, imepinda. Mke huyo alianguka chini kabla hajaambiwa kama mumewe ni mzima au amekufa. Tangu siku ile ikawa desturi ya kiwanda kile, bila mtu kuipanga: akiumia mtu, pete yake huondolewa msumarini, hufungwa katika leso na kupelekwa kwao. Yule mtoto alikua akiwa ameiona leso ikipelekwa nyumba hii na ile ya mtaa wao, na nyumba nyingine haikurudi kuwa nyumba.

Kwa hiyo Nati alipokuja kuposa, binti alikuwa na sharti moja tu.

"Sitaki mahari ya makochi," alimwambia. "Nataka kila ukivaa pete yako jioni, unijulishe. Kila siku. Nisipojulishwa nitajua."

"Nikuandikie barua kila siku? Mwandiko wangu huu?"

"Huna simu wewe?"

Ndipo walipokubaliana juu ya kile kipicha. Wasomaji wanakijua: kati ya zile picha ndogo za kwenye simu, ambazo vijana huziita emoji, ipo ya pete. Ni pete ya dhahabu yenye jiwe kubwa juu yake, jiwe ambalo mtu wa kawaida akilivaa atapinda kidole. Watu huitumia kwa mengi. Mwingine anatangaza uchumba, mwingine anamtania rafiki aliyechelewa kuoa, mwingine anapamba salamu za harusi ya jirani. Dada mmoja atamtumia mchumba aliyelala usingizi wa ahadi, kumkumbusha. Kwa hawa wawili haikuwa mapambo wala utani. Ilikuwa na maana moja: nimetoka kwenye mashine, vidole vyangu vyote ninavyo, pete nimeivaa, nakuja nyumbani.

Kila siku saa kumi na moja jioni, king'ora kilipolia, Nati alinyoosha mkono msumarini, akavaa, akatoa simu, akabonyeza pete. Hakuandika neno. Miaka ikapita hivyo.

Katika chumba cha ushonaji walikuwa wanawake wanne na cherehani zao, na mmoja wao aliitwa Kengele kwa sababu hakuwa na sauti ya chini. Simu ya mke wa Nati ilipolia mlio mfupi, Kengele alisimamisha cherehani yake.

"Haya mashoga, vigelegele! Bi harusi wetu kaolewa tena!"

"Acha hizo."

"Niache nini? Sisi wengine tuliolewa mara moja, tena kwa tabu. Mwenzetu kila siku anavishwa pete, na jiwe lake kama yai la bata. Hebu mwulize huyo mume, hana kaka?"

Mke alicheka, akaiweka simu chini ya futi na mkasi, akamaliza pindo la sketi aliyokuwa nayo. Mabega yake yalishuka. Wenzake walijua asipokuwa amepata pete hawezi kutunga uzi kwenye sindano. Mkono hutafuta tundu usilione. Akishaipata, hata cherehani huonekana nyepesi. Basi hapo alikunja kazi, akaenda kuinjika maji.

Kiwanda kikayumba. Masufuria ya bei rahisi yaliingia kutoka nje, mepesi kama karatasi, na watu wakayanunua. Zamu zikapunguzwa. Asubuhi moja Nati aliitwa ofisini kutoka mashineni, mikono ina mafuta, akaambiwa kwa maneno mazuri sana kwamba kiwanda kinamshukuru. Wenzake sita wa presi waliambiwa hivyo hivyo. Walitolewa kwa mlango wa ofisini, moja kwa moja getini.

Barabarani ndipo alipotazama mkono wake. Akarudi.

"Bwana mlinzi, pete yangu iko msumarini."

"Nimeambiwa aliyetoka leo haingii."

"Ni hatua chache tu. Niangalie hapa hapa nitakavyokwenda na kurudi."

"Ndugu yangu, mimi nikikuruhusu, kesho tutakuwa wawili hapo ulipo. Mwambie mzee Tisa akuchukulie."

Lakini Tisa alikuwa mgonjwa wa kifua, yuko nyumbani kwa likizo ndefu. Na hata angekuwepo, Nati asingemwambia. Kumwambia Tisa ni kumwambia mpwa wake, na kumwambia mke wakati huo, mikono mitupu, kulimshinda. Alitembea mji mzima akipanga maneno. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mtaro, maneno bado hayajapangika, aliposikia kwa mbali king'ora cha kiwanda kikilia. Kidole gumba kikajua kazi yake. Kabla moyo haujashauriwa, pete ilikuwa imekwenda.

Ile ya kwanza ilikuwa mazoea. Mtu anaweza kusamehewa mazoea. Ile ya pili, kesho yake, aliifikiria kutwa nzima, akaituma akijua.

Uongo una tabia ya kuomba mwenzake. Mke angeuliza pete iko wapi. Basi Nati alinunua nati nyingine ya shaba kwa muuza vyuma chakavu, akaipiga tupa uchochoroni. Safari hii alikuwa na muda wa kutosha, akaisawazisha hadi ndani, mistari ya skrubu yote ikaisha. Ilikuwa pete nzuri kuliko ya kwanza. Fundi hawezi kujizuia. Hata akitengeneza uongo ataunyoosha vizuri.

Akatafuta kazi. Alipoikosa, alibeba nyundo, tupa, koleo na kipande cha reli cha kugongea, akaketi kwenye kona ya mtaa wa mbali, karibu na kinu cha kusaga nafaka, akawa fundi wa kuziba masufuria. Wanawake walimletea sufuria zilizobonyea, zilizotoboka, zilizong'oka vipini. Nyingi zilikuwa zile za nje, nyepesi. Lakini mara nyingine alipindua sufuria akakuta chini yake nembo ya kiwanda chake, na pengine ni bati lililopita mikononi mwake mwenyewe. Aliliunga polepole kuliko mengine.

Jioni alinawa masizi kwa sabuni na mchanga, akajipaka mafuta ya mashine kidogo viganjani ili anuke kiwanda, akatuma pete, akaenda nyumbani.

"Leo presi zilikuwaje?" mke angeuliza.

"Kama kawaida. Kelele tu."

"Na mshahara? Mwezi umeisha."

"Wanasema mambo ya benki. Tuvumilie."

Mke alipokuwa akimmiminia maji ya kunawa, alitazama kidole chake baada ya kuvua pete. Kwa miaka yote kidole kile kilikuwa na mistari myembamba ya skrubu iliyojichapa kwenye ngozi, na yeye alikuwa na kawaida ya kuipapasa. Sasa ngozi ilikuwa laini. Akadhani ni kwa kuwa mumewe amekonda. Anayempenda mtu humtafutia sababu kabla mwenyewe hajaitafuta.

Tisa alipata nafuu akarudi stoo. Siku ya kwanza alipita karakana ya presi akakuta kimya, turubai juu ya mashine, na fundi mmoja anang'oa ule ubao mlangoni.

"Misumari yote mitupu isipokuwa huu," yule fundi alimwambia. "Hii ya nani, mzee?"

Tisa aliitambua kabla hajaishika. Alipoambiwa kwamba watu wa presi waliachishwa zamani, alisikitika, akajilaumu kwamba ugonjwa umemfanya asijue shida ya mkwewe. Kwamba mpwa wake hajui, hilo halikumpitia akilini. Angewezaje kutojua? Akatoa leso yake mfukoni, akaifungia pete fundo, kama zilivyofungwa pete zote za kiwanda kile. Mkono wa mtu hushika desturi hata pale kichwa kingeikataa. Akaomba ruhusa ya kutoka mapema, akaenda moja kwa moja chumba cha ushonaji, kwa kuwa kilikuwa njiani.

Kengele ndiye aliyemwona kwanza.

"Karibu mzee wetu! Leo umekuja kupimwa suruali au kutafuta mchumba?"

Tisa akavua kofia, kwa adabu tu. "Namtaka mwanangu."

Mke wa Nati aliinua uso. Akamwona mjomba wake mlangoni, kofia mkono mmoja, na mkono wa pili, ule wa vidole vinne, umeshika leso yenye fundo.

Hakupiga kelele. Wenzake wanasema wangependa apige. Mguu wake ulibaki umekanyaga cherehani, sindano ikaendelea kushona, ikashona kola ya shati ikavuka ikaenda mbele ikishona hewa, na yeye amekaa, anatazama leso. Kisha akateleza kutoka kwenye kiti.

"Mwanangu! Mwanangu, si hivyo!" Tisa alipiga magoti. "Mzima! Mumeo mzima jamani! Mimi mpumbavu, mimi mzee mpumbavu!"

"Umeniletea nini?" Sauti ilikuwa ya mtoto mdogo. "Mjomba, umeniletea nini?"

"Pete tu. Aliiacha siku walipoachishwa kazi. Nimekuta inataka kutupwa."

"Siku gani? Nani kaachishwa kazi?"

Tisa akaibana leso kifuani. Sasa aliona alikoingia.

Na hapo, juu ya meza, chini ya futi na mkasi, simu ikalia mlio wake mfupi.

Kengele mwenyewe ndiye aliyeinyanyua, akaitazama, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue akazungumza kwa kunong'ona.

"Ni pete," alisema. "Shoga, katuma pete."

Nati alipofika nyumbani jua lilikuwa bado halijazama. Alimkuta mkewe ameketi mezani, maji hayajainjikwa. Mbele yake, juu ya meza tupu, kulikuwa na pete ya shaba.

"Lete na hiyo nyingine," mke alisema.

Aliivua. Mke akaziweka sambamba. Akaingiza kidole katika ya kwanza, akapapasa ndani, akatoa. Akafanya hivyo kwa ya pili.

"Hii ni nzuri zaidi," alisema. "Hongera, fundi."

"Mke wangu, nisikilize."

"Nakusikiliza. Nimekusikiliza kila siku saa kumi na moja."

"Nilitaka nipate kazi kwanza, ndipo nikwambie. Sikutaka uumie mara mbili. Na sikuwa nafanya ubaya wowote. Naziba masufuria. Kazi halali."

"Ungeziba masufuria nikajua, ningekuletea chakula cha mchana hapo unapoketi."

"Lakini nilikuwa salama!" Alisema hivyo kwa nguvu, kwa sababu alikuwa amejiambia hivyo siku nyingi. "Ile pete maana yake niko salama. Na nilikuwa salama kweli. Hiyo sehemu sikudanganya."

Mke akazisukuma pete zote mbili kando.

"Unajua leo mjomba kaja na leso?" alisema. "Nilikaa pale nikawa mjane. Sijui ni muda gani, wao wanasema ni mfupi. Nilikuzika. Nilifika mpaka kuwaza nani atamwambia mama. Halafu maiti akanitumia pete. Sasa niambie, kesho ikilia tena, mimi nitaifanyaje? Nikiiona nitasema nini? Nitasema yuko salama, au nitasema yuko mahali asipotaka nijue?"

Nati akavuta kiti, asikikalie.

"Mimi sikulilia mshahara wako. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kunituliza, mume wangu. Kimoja. Wewe ndiye ulijua kinavyofanya kazi, ukakitumia hicho hicho."

Asubuhi alipanda basi kwenda kwa mama yake, mji wa pili. Alichukua mkasi wake, nguo chache, na pete ya mistari. Ile laini aliiacha mezani.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema; hawakusema kwamba ya kurudi ni ndefu. Nati alijaribu kuipita kwa simu. Alipiga, haikupokelewa. Aliandika "nisamehe", akaona neno limekaa kavu, akaongeza moyo, akaongeza uso unaolia, akaongeza mikono inayoomba. Jioni ya tatu, king'ora kilipolia, alituma pete. Aliituma kwa dhati, labda kuliko pete zote za maisha yake. Jibu lilikuja upesi.

"Usinitumie picha tena. Naomba."

Wiki hiyo Tisa alimtafuta mpaka akampata kwenye kona yake, karibu na kinu. Alisimama akamwangalia anavyogonga.

"Kumbe hapa ndipo benki ilipochelewesha mshahara."

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Sogea nikae." Akaketi juu ya debe lililopinduliwa, akikohoa. "Nimekuja kukutukana, lakini pumzi hainitoshi. Nitakutukana kidogo kidogo."

"Tukana tu mjomba, nimestahili."

"Hapana, ukishakubali haina raha." Akachukua sufuria moja, akaigeuza. "Mimi nina kosa langu la leso, na nimemwomba radhi mwanangu. Nilipanda basi nikaenda, na kifua hiki. Nikamwambia uso kwa uso. Alilia, akanipikia chai. Wewe umemwendea?"

"Mama yake kanikataza. Anasema mpaka mwanawe aseme mwenyewe."

"Basi mpe cha kumfanya aseme."

"Nimeandika, nimetuma kila kitu."

Tisa akatoa simu yake kuukuu, ambamo mpwa wake alikuwa amemtumia zile picha azione. Akaishika mbali na macho. "Moyo. Mtu analia. Huyu sijui anaomba au anapiga makofi. Pete." Akairudisha mfukoni. "Mkwe, hizi ni noti ulizokwisha kuzighushi. Ukienda nazo sokoni, hata kama leo umebeba ya kweli, nani atapokea? Wewe una mkono. Mwandikie."

"Mwandiko wangu, mjomba! Mtoto wa darasa la kwanza atanicheka."

"Ndiyo maana. Hakuna atakayedhani umeandikiwa na mtu mwingine."

Mteja alikuja kuichukua sufuria yake. Ilikuwa bado inavuja tone kwa tone, kwenye tundu la kipini, na Nati hakuwa na kipande cha shaba cha kuwekea. Akatazama kidoleni. Alikuwa ameivaa tena ile pete laini iliyoachwa mezani, hakujua kwa nini. Akaivua, akaiweka juu ya kipande cha reli, akaipiga nyundo mara kadhaa mpaka ikawa bapa, akaikata, akaitoboa, akaigongomea ndani ya sufuria chini ya riveti, ule msumari unaoshikilia kipini. Akamimina maji. Hayakuvuja.

"Angalau imefanya kazi moja ya kweli," Tisa alisema.

Jumapili Nati aliketi kwenye ile meza tupu na karatasi alizonunua. Ya kwanza aliijaza maelezo: kiwanda, msimamizi, masufuria ya nje, mlinzi aliyemkatalia. Aliposoma akaona kila mstari una mtu mwingine wa kulaumiwa. Akaichana. Ya pili ilikuwa na maneno matamu. Ilimkumbusha zile picha. Nayo akaichana. Akakaa mpaka kivuli cha dirisha kikahama kutoka ukutani kwenda sakafuni, akiwa ameshika kalamu kama mtu anayeshika mdudu. Kisha akaandika pole pole, herufi zikilala upande:

"Mke wangu. Sina kazi ya kiwandani tangu wakati wa mvua. Sina mshahara unaocheleweshwa, hakuna benki. Sina pete, ile ya uongo nimeipiga nyundo, iko ndani ya sufuria ya mama mmoja, na ya kweli unayo wewe. Sina jipya la kujitetea. Uliniuliza ikilia tena utaifanyaje. Nimefikiri. Haitalia. Nimekula ile alama na haiwezi kurudi mdomoni. Ninachoweza kukupa ni mahali. Naketi kona ya kinu cha kusaga, upande wa kivuli, kuanzia asubuhi mpaka watu wanapofunga. Siku moja njoo bila kuniambia. Usinijulishe. Simama ng'ambo ya barabara, niangalie nikiwa sijui, uone kama nipo nilipokwambia. Njoo hivyo mara nyingi upendavyo. Ukichoka kunikuta, basi siku hiyo uvuke barabara, na pete uje nayo. Usipovuka, iwe yako, usiirudishe kwa posta, maana mimi na wewe tunajua pete inayoletwa nyumbani imefungwa huwa inamaanisha nini. Samahani kwa siku ile uliyokuwa mjane. Hiyo ndiyo ninayoiona nikifumba macho. Mumeo."

Aliisoma mara moja tu. Aliogopa akirudia atairembesha.

Kesho yake, kabla ya kwenda kwenye kona yake, alipita posta. Ndani kulikuwa na dirisha moja lililo wazi na karani mwanamke anayesinzia. Alinunua stempu na bahasha.

"Siku hizi watu hawaandiki barua, kaka," karani alisema akimrudishia chenji. "Unatuma wapi?"

Akamtajia.

"Itachukua siku kadhaa. Si ungepiga simu tu?"

"Nina haraka, dada," Nati alisema. "Ndiyo maana."

Karani akamtazama asimwelewe, akarudi kwenye usingizi wake.

Alisimama kwenye meza ya ukutani, ile yenye kalamu iliyofungwa kwa kamba. Akaikunja karatasi, akaiingiza. Mfukoni simu ilimlemea. Kingekuwa kitu kidogo tu kumjulisha kwamba barua inakuja, ili aitazamie. Kidole gumba kilikwisha kuifikia skrini. Akaitoa simu, akaizima, akairudisha. Kisha akalamba ukingo wa bahasha, gundi ikamwachia uchungu ulimini, akaukunja, akapitisha ngumi juu yake kutoka kona hii hadi kona ile, kama alivyokuwa akilainisha bati kabla ya presi kushuka. Akabandika stempu, akaandika jina la mkewe na anwani ya mama yake, taratibu, herufi moja moja. Akaisogeza bahasha kwenye mdomo wa sanduku la barua, akashikilia kidogo, akaachia.